Ukuta wa Duka la Umma: Nani Auchore na kwa Masharti Gani?

UTANGULIZI

Duka la umma lina mali ya aina mbili. Ya kwanza ni bidhaa zilizo kwenye rafu: unga, sukari, chumvi, sabuni, dawa. Ya pili ni jengo lenyewe pamoja na kuta zake. Bidhaa huhesabiwa kila mwisho wa mwezi, na ikipungua hata katoni moja ya sabuni meneja anatakiwa aeleze imekwenda wapi. Kuta hazihesabiwi na mtu. Hata hivyo kuta hizo hutazamwa kila siku na kila anayefika kununua, awe anajua kusoma au hajui, kwa muda wote anaosubiri zamu yake ifike. Ni vigumu kupata gazeti au kitabu cha siasa chenye wasomaji wengi na waaminifu kiasi hicho.

Makala hii inaeleza jinsi serikali, halmashauri au shirika la umma linavyopaswa kuwapa wasanii wa mahali kazi ya kuchora kuta za duka au soko lake. Tunaposema duka la umma tunamaanisha mahali popote ambapo chombo cha umma kinauza bidhaa au kusimamia uuzaji wake: soko la halmashauri, kituo cha kuuzia mahindi ya akiba ya taifa, au duka la dawa kama lile lililofunguliwa na Bohari ya Dawa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2015.

Baadhi ya ndugu watasema kuwa hili ni jambo la anasa: kwanza bidhaa, picha baadaye. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na tutairudia tutakapofika kwenye historia yetu wenyewe. Lakini kwanza hatuna budi kuona kwamba ukuta ambao umma hauutumii huwa unatumiwa na mwingine.

UKUTA HAUKAI BURE

Tembea katika mtaa wowote wa mji wetu. Utaona maduka ya watu binafsi yamepakwa rangi kuanzia msingi hadi kenchi: hili rangi ya kampuni ya soda, lile rangi ya kampuni ya simu. Mwenye duka hakutoa senti. Kampuni imeleta rangi, imeleta fundi, na kwa madebe machache ya rangi imepata bango ambalo mwenye duka analilinda usiku na mchana bila mshahara. Jina lake mwenyewe limesukumwa pembeni, kwa herufi ndogo. Na fundi aliyepaka? Alipewa kiolezo kilichokwisha katwa, akalipwa ujira wa siku, akaondoka. Hakuulizwa neno. Mkono wake umetumika, lakini akili yake imeachwa nje.

Sasa tazama jengo la umma. Mara nyingi ukuta wake una maandishi ya makatazo tu: usibandike matangazo, usiegeshe baiskeli, usikojoe hapa. Kampuni binafsi inazungumza na mwananchi kwa picha na rangi. Chombo chake mwenyewe kinazungumza naye kwa kumkataza. Hapo ndipo tunapoona kwamba suala la ukuta ni suala la siasa.

Kuna sababu ya ndani zaidi. Bidhaa ikishafika kwenye rafu huwa imepoteza historia yake. Kilo ya sukari haisemi kuwa imetokana na jasho la mkata miwa wa Kilombero au Mtibwa. Inaonyesha bei tu. Mnunuzi anaona uhusiano kati ya fedha na sukari. Haoni uhusiano uliopo kati yake yeye na yule mkata miwa, ambao ndio uhusiano wa kweli. Biashara ya kibepari inanufaika na giza hilo, maana mtu asiyejua jasho lililomo katika bidhaa hawezi kuuliza jasho hilo limelipwa kiasi gani. Duka la umma halina sababu ya kulinda giza hilo. Mchoro mzuri ukutani unaweza kuirudishia bidhaa historia yake mbele ya macho ya mnunuzi.

FUNZO LA SOKO LA MEXICO

Mfano mzuri wa kazi hii unapatikana Mexico. Katika mji mkuu wa nchi hiyo serikali ilijenga soko kubwa la kisasa na kulifungua Novemba 1934. Soko hilo, lililopewa jina la Rais Abelardo L. Rodríguez, lilikusudiwa kuwaondoa wachuuzi kwenye uchafu wa barabarani na kuwapa vizimba, maji na ukumbi. Serikali ikaamua kuwa kuta zake zichorwe. Wasanii kumi, wengi wao vijana, walipewa kazi chini ya usimamizi wa mchoraji mashuhuri Diego Rivera. Eneo waliloligawana lilizidi mita za mraba 1,000.

Dhamira waliyopewa ilikuwa ya kawaida kabisa: chakula, afya na lishe bora. Ofisa angeweza kutazamia picha za nyanya, mahindi na watoto wanene. Ángel Bracho kweli alichora juu ya vitamini. Ramón Alva Guadarrama alichora kazi za shambani. Marion Greenwood, Mmarekani, alichora chakula kinavyosafirishwa kwa mitumbwi katika mfereji wa La Viga kuja mjini. Lakini kila walivyozidi kufuatilia njia ya chakula, ndivyo walivyozidi kukutana na watu wanaosimama katikati ya njia hiyo: mwenye shamba, mlanguzi, mwenye kiwanda. Antonio Pujol akaunganisha chakula na matatizo ya mfanyakazi. Grace Greenwood akachora wachimba madini. Pablo O'Higgins akachora mapambano ya wafanyakazi. Isamu Noguchi hakuchora kwa rangi: alichonga matofali na kuyafunika kwa saruji ya rangi, akatengeneza ukuta wa historia wenye urefu wa zaidi ya mita 20, alioumaliza mwaka 1936.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, kwamba dhamira ya lishe haikuwa na kosa. Ila msanii mwaminifu akiifuata mpaka mwisho ataifikisha kwenye mahusiano ya uzalishaji mali. Hakuna haja ya kumwamuru achore siasa. Mwambie achore unga, na umpe uhuru wa kuuliza unga umetoka wapi na umepitia kwa nani.

Pili, uenyeji si suala la cheti cha kuzaliwa peke yake. Katika wale kumi, wanne walizaliwa Marekani. Mwenyeji wa kazi ni yule anayekubali kuyafahamu maisha ya mahali pale kabla hajashika brashi. Hata hivyo, anayenunua na kuuza pale kila siku ana miaka mingi ya mafunzo hayo, na ndiyo maana yeye ndiye wa kufikiriwa kwanza.

Tatu, kazi ikimalizika haijaisha. Soko ni mahali pa maji, moshi na mikokoteni. Kwa miaka mingi michoro ile iliharibiwa na unyevu na kutotunzwa, na baadaye gharama za ukarabati zikawa kubwa. Ukuta uliochorwa ni mali, na mali yoyote isiyopangiwa matunzo huliwa.

ANAYELIPA NDIYE MWENYE NENO?

Hapa linakuja swali gumu. Ikiwa umma ndio unaolipa, nani ana neno la mwisho juu ya mchoro?

Ubepari umekwisha toa jibu lake. Mwaka 1933 Rivera huyo huyo alikuwa akichora ukuta katika jengo la Rockefeller Center, New York, kwa mkataba wa dola 21,000. Akaweka sura ya Lenin. Wenye jengo wakataka iondolewe, akakataa. Mwezi Mei wakamsimamisha kazi, wakamlipa fedha zake zote, wakafunika ukuta. Na Februari 1934 wakaubomoa mchoro. Kwa sheria ya mali binafsi hawakudaiwa kitu: wamelipa, ukuta ni wao, nyundo ni yao. Rivera aliuchora upya mwaka huo huo katika jengo la umma la Bellas Artes, Mexico.

Lakini tusijidanganye kwamba jengo likiwa la umma basi tatizo limekwisha. Mwaka 1934 serikali ya Marekani yenyewe, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, iliunda idara ndani ya Wizara ya Fedha kwa ajili ya kupamba majengo ya serikali, hasa posta. Mpaka ilipofungwa mwaka 1943, posta zaidi ya 1,000 zilikuwa zimepata michoro. Utaratibu wake una mengi ya kufaa. Karibu asilimia 1 ya gharama ya jengo, fedha zinapokuwapo, ilitengwa kwa sanaa. Mashindano mengi yaliendeshwa bila majina, rasimu zikapimwa kwa ubora wake na si kwa umaarufu wa mtu. Malipo yalitolewa kwa awamu. Wasanii walihimizwa kufika katika mji husika na kujua wenyeji wanaishije. Sisi tunaopinga ubepari hatuna sababu ya kukataa utaratibu mzuri kwa kuwa umetumika katika nchi ya kibepari. Msumari haujui nyumba ya nani.

Hata hivyo, katika utaratibu huo huo, mwaka 1938, mchoraji Stefan Hirsch alimaliza mchoro wa Haki katika mahakama ya serikali mjini Aiken, jimbo la South Carolina. Mwanamke aliyesimama kama alama ya Haki alionekana kuwa na ngozi ya rangi ya kahawia. Jaji akakasirika, na mchoro ukafunikwa pazia. Jengo lilikuwa la umma, fedha zilikuwa za umma, lakini chuki ya mtu mmoja mwenye cheo ilitosha kuwanyima wananchi kuuona.

Kwa hiyo basi, umilikaji wa umma ni sharti la lazima lakini hautoshi. Inatakiwa pia taratibu zinazomzuia ofisa, awe meneja au mkuu wa idara, asijifanye yeye peke yake ndiye umma.

HISTORIA YETU WENYEWE

Tuangalie sasa nyumbani. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya biashara na kuunda Shirika la Biashara la Taifa. Baadaye, katika miaka ya 1970, kazi zake zikagawiwa kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyolenga kuweka maduka ya ushirika na ya vijiji mahali pa yale ya watu binafsi. Mengi yalifungwa kabla yale mapya hayajawa tayari kubeba mzigo, na zoezi likabidi kulegezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uhaba ukawa mkali. Watu walipanga foleni ya sabuni, sukari na khanga, na mara nyingi waliofahamiana na mwenye ufunguo wa ghala ndio waliotangulia. Katika miaka ya 1990 kampuni nyingi za mikoa zilifilisiwa au kuuzwa.

Tunakumbushana haya kwa sababu yanajibu hoja ya wale wanaosema bidhaa kwanza. Wana haki kwa kiasi hiki: picha ya wingi wa mavuno juu ya rafu tupu ni dhihaka. Mwananchi aliyesimama tangu alfajiri akitazama mchoro wa magunia yaliyojaa hatauona mchoro huo kuwa elimu. Atauona kuwa uongo uliopakwa rangi, na ataanza kutilia shaka hata ukweli mwingine utakaotoka kwenye chombo hicho. Ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU wa 1971 ilikemea majivuno na dharau za viongozi. Kumchorea mwenye njaa karamu ni aina mojawapo ya dharau hizo.

Lakini haitoki hapo kwamba ukuta uachwe. Kinachotokana na hapo ni kwamba mchoraji aruhusiwe kuchora foleni.

Wasanii hawakukosekana. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya mbao laini za dari, akauza picha zake Morogoro Stores, Oysterbay. Kampuni ya umma ya sanaa ilinunua na kuuza kazi zake, kama ilivyofanya kwa vinyago vya Wamakonde. Alipofariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, katika tukio la kudhaniwa kuwa mhalifu, aliacha wanafunzi ambao shule yao ipo hadi leo. Hii ilikuwa hatua ya maana: umma ulikuwa mnunuzi wa kazi ya mtu aliyewahi kuwa kibarua. Hata hivyo soko lililofikiriwa zaidi lilikuwa la wageni na watalii. Wazo la kumwambia msanii wa namna hiyo achore ukuta wa duka ambamo jirani zake wananunua chumvi halikupewa uzito uliostahili.

Tunao pia mfano wa Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Msanifu wake, Beda Amuli, hakuiga ukumbi wa biashara wa Ulaya. Alisimamisha nguzo za zege zenye vichwa vilivyopanuka kama miavuli iliyogeuzwa, zinazoleta kivuli, zinazopitisha hewa na kukinga maji ya mvua. Shirika la umma lilimwamini mtaalamu wa nchi hii, naye akatoa jengo ambalo mtu akiliona kwenye picha hulitambua mara moja. Liliungua Julai 2021, na serikali ikaanza kulikarabati na kulipanua. Somo lake bado ni lile lile: uzuri haukuwa pambo la kuongezwa baadaye, ulikuwamo ndani ya kazi yenyewe.

MASHARTI YA KAZI

Kutokana na mifano hii tunaweza kutaja masharti sita ambayo chombo cha umma kinapaswa kuyatimiza.

1. Tangazo la kazi liwafikie wenye kazi. Ununuzi wa umma nchini sasa unapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza mwaka 2023, na sheria imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Nafasi hiyo ipo, lakini mwandika mabango wa mtaani hana kompyuta, na pengine hana kikundi kilichosajiliwa. Ofisa maendeleo ya jamii amsaidie kuingia. Vinginevyo kazi itachukuliwa na kampuni ya matangazo, nayo itamwajiri mwandika mabango yule yule kwa ujira wa siku.

2. Rasimu ilipwe. Msanii akiombwa mchoro wa awali amefanya kazi. Wateuliwe wachache, kila mmoja alipwe kwa rasimu yake, na rasimu zipimwe bila majina. Kumwambia mtu atoe akili yake bure kwa matumaini ya kupata kazi ni unyonyaji, hata anayesema hivyo akiwa ni halmashauri.

3. Kamati iwe na watumiaji. Pamoja na meneja na fundi wa majengo, wawemo wachuuzi, wapagazi, wanunuzi na msanii asiyegombea kazi hiyo. Rasimu zibandikwe dukani kwa wiki kadhaa ili watu waseme. Kamati ikishakubali rasimu kwa maandishi, ofisa mmoja asiwe na uwezo wa kuibadilisha wala kuifunika.

4. Mkataba utaje dhamira, usitaje jibu. Uandikwe: safari ya mahindi kutoka shamba hadi mezani. Usiandikwe: wakulima wenye furaha. Sura ya kiongozi isiwe sharti la malipo. Kama katika safari hiyo yumo mlanguzi anayepunja mizani, mchoraji asiadhibiwe kwa kumwona.

5. Malipo na haki viwe wazi. Sehemu ya malipo itangulie kwa ajili ya rangi, jukwaa na chakula. Sehemu ilipwe kazi ifikapo nusu. Iliyobaki ilipwe kazi inapokabidhiwa, si baada ya mwaka wa fedha kugeuka. Jina la msanii na la wasaidizi wake yaandikwe ukutani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua msanii kuwa mwenye haki juu ya kazi yake hata baada ya kuiuza. Mkataba useme pia kwamba chombo kikitaka kuichapa picha hiyo kwenye kalenda au kuivunja, kirudi kwake kwanza.

6. Ukuta uandaliwe na utunzwe. Lipu mpya iachwe ikauke, kwa kawaida wiki nne, kabla ya kupakwa rangi. Mabati yanayovuja yazibwe kwanza. Picha isianzie chini kabisa ambako maji ya kufagilia na magunia yatailamba. Kila mwaka bajeti ya matengenezo iwe na fungu dogo la kumwita mchoraji arekebishe alipochubuka.

HITIMISHO

Mwanafunzi mmoja katika darasa la mwandishi wa makala hii, ambaye kabla ya kujiunga na mafunzo alikuwa fundi wa kuandika mabango, alieleza kuwa amepaka maduka kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwuliza angependa kuchora nini. Alipoulizwa darasani hakuchukua muda mrefu kufikiri: alisema angemchora mpagazi, kwa kuwa kila gunia la sokoni limepita mgongoni mwake na hakuna bango lolote linalomwonyesha. Darasa likanyamaza. Wengi wetu tulikuwa tumepita katika masoko maisha yetu yote bila kuliwaza hilo.

Fikra kama hizo ziko katika kila mji wetu, zinalipwa kwa siku na kupewa violezo. Kazi ya chombo cha umma si kuwafundisha wasanii la kusema. Kazi yake ni kuwapa ukuta, ujira halali na ulinzi wa maandishi, kisha kustahimili kile watakachokiona.

Kwa hiyo, ndugu meneja au diwani unayesoma makala hii, kabla hujaidhinisha rangi ya kupaka upya duka lako, simama kwanza katika foleni kama mnunuzi wa kawaida. Tazama ukuta ulio mbele yako kwa muda wote wa kusubiri. Kisha mwulize mpagazi aliyepumzika mlangoni, ni nani hapa mtaani ajuaye kuchora.